Arthur Ashe: Alifungiwa nje ya ukumbi, akaja kuwa bingwa wa kumbi

Kila mwaka mwezi wa pili, wacheza tenisi wa kulipwa hukusanyika Rotterdam, mji wa bandari nchini Uholanzi, kushindana ndani ya ukumbi mkubwa uitwao Ahoy. Nje huwa ni baridi kali, ndani watu wamevua makoti. Wanaofuatilia mchezo huu kwenye televisheni wanamjua Roger Federer wa Uswisi, aliyelichukua kombe la hapo mara tatu, mwaka 2005, 2012 na 2018. Ni wachache wanaojua kwamba rekodi hiyo Federer aliifikia tu, hakuivunja. Aliyeiweka ni Mmarekani mweusi, marehemu Arthur Ashe, na ndiye bingwa wa kwanza kabisa wa mashindano hayo, yalipoanza mwaka 1972.

Mwaka 1972 hapa Magara na Rumonge hauhitaji maelezo. Wazee wetu walikuwa wakikimbia, wengine kwa mitumbwi usiku, na habari za tenisi hazikuwa na msikilizaji. Leo tunaweza kumzungumzia mtu huyu kwa utulivu, maana maisha yake yanagusa mambo ambayo sisi tuliorudi, na ninyi mnaovuka Mugina au Gatumba na mizigo, tunayajua vizuri: kufungiwa mlango, kunyimwa kibali, na kwenda mbali ili usome.

Ashe alizaliwa Richmond, jimbo la Virginia, tarehe 10 Julai 1943. Mama yake alifariki mwaka 1950, mtoto hajatimiza hata miaka saba. Baba alikuwa mtunzaji wa Brookfield, bustani ya michezo ya watu weusi, na familia ilikaa humo humo ndani. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Kijana mmoja aitwaye Ron Charity akaanza kumfundisha, kisha akampeleka kwa Daktari Robert Walter Johnson wa Lynchburg, mtu aliyekwisha kumlea Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon, mwaka 1957.

Daktari huyo alikuwa mkali. Mpira wa mpinzani ukitua nje ya mstari kwa kitambo kidogo tu, mwanafunzi wake alitakiwa kuurudisha kama vile umeingia. Kubishana na mwamuzi kulikatazwa, hata pale unapoonewa waziwazi. Wapo watakaouona huo kuwa unyonge. Mimi nauona kuwa ujanja wa mtu anayeishi kwa watu, kwa kuwa watoto hao walikuwa wakiingia kwenye mashindano ya Wazungu ambako kosa dogo lingetosha kuwa sababu ya kuwafukuza wote. Aliyekulia kambini anaijua kanuni hiyo bila kufundishwa na daktari yeyote.

Taabu kubwa ilikuwa msimu wa baridi. Virginia viwanja vya nje havichezeki miezi hiyo. Viwanja vya ndani vilikuwepo Richmond, lakini vilikuwa vya Wazungu peke yao. Basi kila mwaka kijana aliyewapita wengi kwa uwezo alikaa bila mazoezi ya maana, huku wenzake wakiendelea kucheza chini ya paa. Mwaka 1960 ikaamuliwa aondoke. Alipelekwa St. Louis, jimbo la Missouri, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, akamalizie mwaka wa mwisho wa sekondari katika shule ya Sumner na kukaa nyumbani kwa mwalimu Richard Hudlin, rafiki wa Daktari Johnson.

Huko akapata ukumbi. Lilikuwa jengo la jeshi lenye sakafu ya mbao. Kwenye mbao mpira huteleza chini kwa kasi na haukupi muda wa kukaa nyuma ukisubiri mwenzako akosee. Ashe, aliyezoea kurudisha mipira kwa uvumilivu, akalazimika kujifunza kupiga mpira wa kuanzia kwa nguvu na kuukimbilia wavu. Mwaka huo huo wa 1960 akatwaa ubingwa wa taifa wa vijana katika tenisi ya ndani. Kwa maoni yangu, mchezaji ambaye dunia ilikuja kumjua alipatikana pale, juu ya zile mbao.

Akapata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha UCLA, California. Mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuichezea Marekani Kombe la Davis. Baada ya chuo aliingia jeshini akawa ofisa. Ni akiwa bado jeshini, mwaka 1968, aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani, ya kwanza kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kucheza pamoja. Fainali alimfunga Mholanzi Tom Okker kwa seti tano. Kwa kuwa Ashe alihesabiwa kuwa wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Okker aliyeshindwa, na bingwa akabaki na posho ya dola 20 kwa siku. Wafanyabiashara mtajua wenyewe kuipigia hesabu faida ya namna hiyo!

Wakati huo tenisi ya kulipwa ilikuwa inaanza kushika kasi. Tajiri wa Texas, Lamar Hunt, alikuwa na kampuni ya WCT iliyowazungusha wachezaji mji hadi mji, na mara nyingi mashindano yao yalifanyika ndani. Sababu ni za kibiashara. Ukumbini mvua haivunji mchezo, na tiketi iliyouzwa imeuzwa. Kiwanja chenyewe kingeweza kuwa zulia maalumu, likatandikwa juu ya sakafu ya ukumbi wowote, mchezo ukiisha likakunjwa na kupelekwa mji mwingine, kama turubai la mchuuzi wa gulioni.

Rotterdam ilizaliwa katika mzunguko huo. Fainali ya kwanza, mwaka 1972, ilimkutanisha Ashe na yule yule Okker, safari hii mbele ya watu wa nyumbani kwa Okker. Ashe akashinda. Mwaka 1973 mashindano hayakufanyika, na 1974 Okker akawafurahisha Waholanzi kwa kulibakisha kombe kwao. Mwaka 1975 wawili hao wakakutana tena fainali na Ashe akashinda, kisha 1976 akamfunga Mmarekani mwenzake Bob Lutz. Tangu hapo ukumbi wa Ahoy umeona mengi, ikiwemo fainali ya 1984 kati ya Ivan Lendl na Jimmy Connors ambayo haikumalizika kwa sababu ya tishio la bomu.

Mwaka 1975 ndio uliokuwa wake hasa. Mwezi Mei, ukumbini Dallas, alimshinda Björn Borg katika fainali ya msimu ya WCT. Tarehe 5 Julai, akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32, alimfunga Connors fainali ya Wimbledon. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kulitwaa taji hilo.

Afrika aliijua kwa miguu yake. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Stan Smith walizuru nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka uliofuata, akiwa Yaoundé, Cameroon, alimwona mtoto wa miaka 11 akicheza, akawapasha habari wakubwa wa tenisi wa Ufaransa. Mtoto huyo, Yannick Noah, alichukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983.

Nchi moja ilimfungia mlango. Serikali ya Makaburu ilimnyima viza mwaka 1969, ikamnyima tena 1970. Aliendelea kuomba hadi 1973 alipokubaliwa. Alitaka watu weusi waruhusiwe kukaa popote uwanjani, ahadi iliyotimizwa nusu nusu. Johannesburg alifungwa na Connors fainali, lakini akashinda mchezo wa wawili wawili akishirikiana na Okker. Wapo Waafrika waliomlaumu kwamba safari ile iliipamba serikali ya kibaguzi, na lawama hiyo haikuwa ya bure. Baadaye yeye mwenyewe alisimama upande wa kuisusia Afrika Kusini, na mwaka 1985 alikamatwa akiandamana mbele ya ubalozi wake mjini Washington.

Moyo ulimwangusha mapema. Alipata shambulio mwaka 1979, akafanyiwa upasuaji, na 1980 akaacha mashindano. Upasuaji wa pili, mwaka 1983, ndio uliomletea damu yenye virusi vya Ukimwi, jambo aliloligundua mwaka 1988. Alilitunza kama siri ya familia hadi Aprili 1992, gazeti moja lilipokaribia kulichapisha, akalazimika kulitangaza mwenyewe.

Hakujifungia ndani. Mwaka huo Marekani ilikuwa ikiwakamata baharini Wahaiti waliokimbia nchi yao kwa mashua baada ya mapinduzi ya 1991, ikiwarudisha walikotoka bila hata kusikiliza maombi yao ya hifadhi. Tarehe 9 Septemba 1992 Ashe, mgonjwa na amekonda, aliandamana mbele ya Ikulu ya White House akatiwa pingu pamoja na wengine. Muda mfupi baadaye moyo ukamshika tena. Kati ya yote aliyoyafanya, hili ndilo ninalowasimulia wanafunzi wangu kwanza, kabla ya Wimbledon. Wengi wao wazazi wao wamepanda mashua.

Alifariki New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Mwili ulirudishwa Richmond na kulazwa katika nyumba ya gavana, ambaye wakati huo alikuwa mtu mweusi, Douglas Wilder. Maelfu walipanga foleni kumuaga. Alizikwa kando ya mama yake. Uwanja mkuu wa mashindano ya wazi ya Marekani, uliofunguliwa New York mwaka 1997, unaitwa kwa jina lake, na tangu 2016 una paa linalofungwa mvua ikinyesha.