Murumbi: Aliachia umakamu wa rais, akashika sanaa

Vijana wengi wa Kitale na Bungoma wakitua Nairobi, ziara huishia madukani. Selfi mbili tatu, kisha basi la kurudi. Ila karibu na Nyayo House kuna jengo la mwaka 1913, ambako zamani watu walisajili uzazi, ndoa na vifo. Siku hizi ni Nairobi Gallery, na ukiingia utakutana na sanaa aliyokusanya mtu mmoja: Joseph Murumbi.

Alizaliwa mwaka 1911, babake Mgoa, mamake Mmaasai, akasomea India. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa mwaka 1952, alibaki kukiendesha, kisha akaenda ng'ambo kutetea uhuru. Akiwa London alikuwa karani tu, lakini kapesa kidogo alikopata kaliishia kwenye vitabu na sanaa za Afrika.

Uhuru ulipopatikana akawa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, na mwaka 1966 Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Hakumaliza hata mwaka. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka 1965. Murumbi alijiuzulu, akaipa siasa kisogo.

Miaka ya 1970, yeye, mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi. Wasanii Waafrika wakapata pa kuonyesha na kuuza kazi zao, wakati wengi waliona sanaa ni ya watalii tu.

Wageni walimezea mate mkusanyiko wake. Akakataa, akaiuzia serikali ya Kenya, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga ili iwe kituo cha utafiti. Vitabu na vinyago viliingia Makavazi ya Kitaifa, ambako viko hadi leo. Nyumba je? Iliachwa ikaoza, mwishowe ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990, akazikwa City Park, karibu na Pinto.

Kitale wanajua jambo hili. Makumbusho yao yaliyofunguliwa mwaka 1974 yalianzia kwenye wadudu, wanyama na vitabu vya mlowezi mmoja, Hugh Stoneham. Sasa swali ni kwa wa Bungoma: litungu la babu na chungu cha nyanya viko wapi? Vikiuzwa kwa mpita njia, hakuna galari itakayovirudisha.