Mathias Mulumba, mwenye cheo aliyejishusha



Jumapili baada ya Misa, mkitembea kurudi nyumbani Laini Saba, au mkivuka barabara pale 46 Kawangware, huwa mnazungumza juu ya nini? Wengi wetu huanza kuhesabu watu. Fulani hajafunga ndoa kanisani, na bado anaimba kwaya. Jirani wa mlango wa pili jana alirudi amelewa tena. Tukishafika ndani na kufunga mlango, hesabu humgeukia mwenzetu: mimi nasali Rozari kila siku, wewe hujui hata jumuiya ilikutana kwa nani wiki hii. Hukumu huanza njiani na kumalizikia mezani, mbele ya watoto.

Leo nawaomba tukae kidogo na mtu mmoja ambaye jina lake mnalisikia kila tarehe 3 Juni, mtu aliyekuwa na mke na nyumba kama ninyi. Ni Mtakatifu Mathias Kalemba Mulumba, mmoja wa Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda.

Mulumba hakuzaliwa mkubwa. Alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa Buganda. Kwa bahati njema aliyemnunua alimlea kama mtu wa nyumbani mwake. Mzee huyo aliamini kwamba Waganda walikuwa bado hawajaijua kweli ya Mungu, na kabla ya kufa alimwambia kijana kwamba siku moja watakuja watu wa kuifundisha. Maneno hayo Mulumba hakuyasahau. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika utumishi wa Mukwenda, chifu mkuu wa Ssingo, akapata cheo na heshima.

Waislamu walipofundisha, alidhani ndio waliotabiriwa, akawafuata. Waprotestanti walipofika mwaka 1877, akaenda kwao kusikiliza. Mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe, Padre Lourdel ambaye watu walimwita Mapeera na wenzake, naye mwaka 1880 akaomba kuwa mkatekumeni.

Sasa, msomaji mpendwa, simama hapa. Mtu huyu aliyebisha mlango wa mapadre alikuwa na wake kadhaa. Alikuwa amepita dini mbili. Kama angekuja leo darasani kwetu, ni wangapi kati yetu wangenong'onezana? Mapadre walimpokea na kumfundisha, na neema ikafanya kazi yake bila haraka. Alibaki na mke mmoja, Kikwabanga, na tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa. Mungu hakumngoja awe mtakatifu ndipo amwite. Alimwita kwanza.

Niungame kosa langu mimi katekista. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Kawangware alikuja kuuliza habari za kubariki ndoa yake. Alikuwa ameishi na mama watoto miaka mingi bila sakramenti, na siku ile alinuka pombe. Nilimwambia mbele ya watu aende, arudi akiwa tayari. Hakurudi. Baada ya miezi mingi dhamiri ilinisumbua, nikaenda kwake kule Gatina kumwomba msamaha. Nilimkuta ameinama juu ya karai anafua nguo za mkewe, kwa kuwa mama huyo alikuwa kitandani na malaria. Alipangusa mikono, akanipikia chai. Nilikunywa chai ile kwa aibu. Mimi mwenye pete na cheti cha ndoa, sijawahi kumfulia mke wangu hata kitambaa.

Hapo ndipo maisha ya Mulumba yananichoma. Baada ya ubatizo hakujiinua juu ya wengine. Siku zile mtu wa cheo hakubeba kitu. Kazi ya mikono ilikuwa ya watumwa. Mulumba alibeba mzigo wake mwenyewe safarini na kulima kwa mikono yake, watu wakamshangaa. Yeye alijiona mtumwa wa Kristo, na mtumwa haoni haya kubeba mzigo.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre walilazimika kuondoka Buganda, wakarudi mwaka 1885. Muda huo wote Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali, walei watatu, ndio waliowalea waumini wa Mityana. Hapakuwa na padre wala Misa, lakini kundi halikufa. Lilikua. Watu hawavutwi na hukumu. Wanavutwa na mtu ambaye imani yake inaonekana nyumbani kwake.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga aliwageukia Wakristo. Mulumba aliletwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu. Katikiro alimdhihaki kwamba mzee mzima kama yeye amewafukuza wake zake na sasa anajipikia mwenyewe. Kwa wakubwa wa siku zile, hiyo ilikuwa aibu kuliko zote. Mulumba alimuuliza tu kama ameletwa pale kwa sababu ya kukonda kwake au kwa sababu ya dini yake. Hakumtukana wala hakumhukumu mwenye kumhukumu.

Walimuua kwa ukatili mahali panapoitwa leo Old Kampala. Walimkata mikono na miguu, wakamnyofoa nyama mgongoni, wakamwacha peke yake. Watu waliokuja kukata matete walisikia sauti ikiomba maji, wakaogopa wakakimbia. Alikufa tarehe 30 Mei, akiwa na umri wa miaka kama 50. Hapakuwa na wa kumsifu. Cheo kilikuwa kimekwisha, na hata matendo yake mema hayakuwa mikononi mwake, kwa maana mikono yenyewe haikuwapo. Kilichobaki ni kumtumaini Kristo. Kwa imani ya namna hiyo tunaokolewa, wapendwa. Wokovu ni neema ya Mungu. Hatuupati kwa kuwa bora kuliko jirani. Matendo mema ni matunda ya imani hiyo, si fimbo ya kumpigia mwenzako.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja katika moto mmoja Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo VI alipomtangaza Mulumba na wenzake kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia wale Waanglikana. Sisi tunaoishi Kibera, ukuta kwa ukuta na Waanglikana, Waislamu na watu wa makanisa mengi, tuna la kujifunza hapo.

Lakini msinielewe vibaya. Kutohukumu si kuficha uovu. Mume akimpiga mke, au mzazi akinywa karo ya watoto, hilo lisemwe, na msaada utafutwe kwa padre, kwa wazee na kwa serikali. Ila linasemwa ili mtu apone, bila kujifanya sisi hatuna dhambi. Yule Farisayo aliyesali hekaluni hakusema uongo juu ya kufunga kwake; kosa lake lilikuwa kumtazama mtoza ushuru badala ya kumtazama Mungu.

Basi jioni ya leo, bwana, chukua mtungi ukachote maji kabla hujaombwa. Bibi, kama mzee hajaenda kanisani, mwandalie chakula kwanza, mahubiri yangoje. Na kama mnajua wawili ambao hawajabariki ndoa yao, waalikeni chai. Wasindikizeni hadi kwa katekista, mkae nao.

Ya kuzungumza bwana na bibi:
1. Ni kazi gani ya nyumbani naiona iko chini ya heshima yangu?
2. Ni lini nilitumia sala zangu kumdharau mwenzangu?
3. Ni nani tumemfungia mlango wa Kanisa kwa maneno yetu?

Mtakatifu Mathias Mulumba, utuombee.