John Williamson

John Thoburn Williamson (Montfort, Quebec, Kanada, 10 Februari 1907 – Mwadui, Tanganyika, 7 Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua na kumiliki mgodi wa almasi wa Mwadui, katika mkoa wa Shinyanga wa leo. Kwa miaka kumi na minane mgodi ule ulikuwa chini ya mkono wake, naye alikataa kuuacha uingie mikononi mwa kampuni kubwa ya De Beers ya Afrika Kusini. Alifariki kwa saratani ya koo akiwa hajatimiza miaka 51. Hakuwa na mke, na mali yake ilirithiwa na ndugu zake watatu, ambao waliiuza kabla mwaka huo haujaisha.

Maisha ya awali

Williamson alizaliwa katika kijiji kidogo cha misitu, katika familia iliyoishi kwa biashara ya mbao. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mwanzoni alikusudia kuwa mwanasheria, lakini safari moja ya utafiti wa miamba huko Labrador, aliyoifanya wakati wa likizo, ilimgeuza nia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928 na shahada ya uzamivu katika jiolojia mwaka 1933.

Miaka hiyo ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani na kazi zilikuwa adimu, hata kwa msomi wa kiwango chake. Alikwenda Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kufanya kazi katika kampuni ya kutafuta madini, kisha kuelekea katikati ya miaka ya 1930 akahamia Tanganyika, akiwa ameajiriwa na kampuni iliyochimba almasi Mabuki, kati ya Mwanza na Shinyanga.

Kipindi hicho macho ya watafuta madini wengi wa Kanda ya Ziwa yalikuwa kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kazi mwaka 1936, na watu kutoka kila upande walimiminika huko. Almasi ya Mabuki ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani lakini ilikuwa haba, na kampuni iliyomwajiri Williamson haikuona faida ya kuendelea. Yeye aliona tofauti. Kwa jinsi alivyoisoma miamba, almasi zile chache zilizotawanyika juu ya ardhi zilitoka mahali fulani. Lazima ulikuwapo mwamba mama wa kimberliti, aina ya mwamba unaopandisha almasi kutoka chini sana ardhini. Kampuni ilipojitoa yeye alibaki, akauchukua mgodi wa Mabuki ili kidogo unachotoa kigharamie utafutaji wake.

Miaka ya malaria na madeni

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Williamson alizunguka katika nyanda za Usukuma na kundi dogo la wafanyakazi, akichimba mashimo ya majaribio na kuchekecha mchanga. Malaria ilimwandama. Dawa iliyotumika sana wakati huo ilikuwa kwinini, ambayo hutuliza homa lakini huacha mgonjwa akiwa dhaifu na masikio yakivuma, na mtu aliyelala kambini mvua za masika zikinyesha aliweza kuugua, akapona na kuugua tena msimu huohuo. Fedha nazo zilimwishia. Alidaiwa mishahara, alidaiwa na wenye maduka, na wazungu wenzake wengi walimwona kuwa mtu aliyepotea.

Katika hali hiyo alipata rafiki ambaye pengine bila yeye Mwadui isingekuwapo. Iqbal Chand Chopra alikuwa wakili mwenye asili ya India aliyeendesha ofisi yake Mwanza, na baadaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa ushauri wa sheria wakati ambapo hakuna benki ingemkopesha, naye akawa mwanahisa wa kampuni ilipoanzishwa. Katika koloni ambamo Mzungu, Mhindi na Mwafrika walitengwa hata katika vilabu na hospitali, ushirika wa namna hiyo haukuwa jambo la kawaida. 

Kugunduliwa kwa Mwadui

Mwezi Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Kuhusu siku hiyo zipo simulizi nyingi. Inayopendwa zaidi husema gari lilikwama kwenye matope karibu na mbuyu, na walipokuwa wakilikwamua jiwe likang'aa kwenye udongo. Simulizi hiyo ni tamu, lakini inamfanya Williamson aonekane mtu wa bahati tu, ilhali alikuwa ametafuta kwa mpango kwa miaka kadhaa. Pia inawasahau wafanyakazi wa Kisukuma walioshika majembe na chekeche, ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwamba wa kimberliti wa Mwadui una eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani kati ya ile iliyowahi kuchimbwa kwa faida. Kampuni ya Williamson Diamonds iliandikishwa mwaka 1942. Vita Kuu ya Pili ilifanya mitambo iwe vigumu kupatikana, na kazi ya mwanzo ilifanywa kwa vifaa vya kuungaunga. Baada ya vita mgodi ulikua haraka. Almasi ikawa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Tanganyika iliuza nje, pamoja na mkonge, kahawa na pamba.

Mwadui ukawa mji ndani ya uzio. Ulikuwa na umeme wake, bwawa la maji la Songwa, uwanja wa ndege, maduka, shule na hospitali. Kwa kulinganisha na maeneo mengine ya Tanganyika, huduma hizo zilikuwa za hali ya juu, na familia nyingi za Shinyanga zina mzee aliyezaliwa au kusoma pale. Hata hivyo makazi yaligawanywa kwa rangi kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, na ulinzi dhidi ya wizi wa almasi ulikuwa mkali: wafanyakazi walipekuliwa, na hakuna aliyeingia au kutoka bila kibali.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwezi Novemba mwaka huo. Ilipokatwa na kusuguliwa mjini London ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliitia katika bruchi yenye umbo la ua, ambayo Elizabeth aliivaa mara nyingi akiwa malkia.

Mtu wa upweke

Zawadi hiyo ilimfanya ajulikane duniani, lakini mwenyewe hakupenda kujulikana. Alikuwa mkimya, aliepuka waandishi wa habari na karamu, na alikaa Mwadui karibu wakati wote. Hakuwahi kuoa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalipenda kumtaja kama mmoja wa makapera matajiri kuliko wote duniani, sifa ambayo inaonyesha zaidi mawazo ya magazeti kuliko maisha ya mtu aliyeishi kwenye vumbi la Shinyanga, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani kwao. Ndugu zake walikuwa kaka mmoja, Percy, na dada wawili.

Ukaidi wake ulionekana zaidi katika ugomvi na De Beers. Kampuni hiyo, chini ya Ernest Oppenheimer, ilisimamia karibu soko lote la almasi duniani, na mgodi mkubwa ulio nje ya mamlaka yake ulikuwa hatari kwake. Williamson alikubali kwanza kuuza kupitia shirika lao, kisha akaona bei na kiwango alichopangiwa si haki. Akaacha kuuza na kulimbikiza almasi zake Mwadui. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pande mbili zilipatana upya. Mgodi wenyewe hakuuza, ingawa wanunuzi walikuwepo.

Ugonjwa

Katika miaka yake ya mwisho Williamson alipatwa na saratani ya koo. Ugonjwa huo mara nyingi huanza na sauti kukwaruza au maumivu ya kumeza, mambo ambayo mtu aliyezoea vumbi la mgodini anaweza kuyapuuza. Ukiendelea, kula huwa kazi ngumu, mwili hukonda, na sauti inaweza kupotea kabisa. Katika miaka ya 1950 tiba zilikuwa mbili: kuchoma uvimbe kwa mionzi, au kuondoa kikoromeo kwa upasuaji, jambo lililomwacha mgonjwa bila sauti yake ya kawaida. Dawa za sindano zinazotumika sasa kwa saratani za namna hiyo zilikuwa bado.

Tanganyika ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Huduma hiyo ilikuja kupatikana Ocean Road, Dar es Salaam, takriban miaka ishirini baada ya uhuru, na kwa watu wa Shinyanga na Geita ilibaki mbali hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipopata huduma hiyo. Hospitali aliyoijenga Mwadui iliweza kutibu majeraha, malaria na uzazi. Ugonjwa wake mwenyewe ulikuwa nje ya uwezo wake.

Kwa desturi ya Wasukuma waliomzunguka, mgonjwa wa muda mrefu huwa ni shughuli ya ukoo mzima: kuna anayepika, kuna anayelala chumbani kwake, na mambo ya mji husemwa mapema mbele ya wazee. Williamson alikuwa na watumishi, madaktari, mameneja na ndege, lakini jamaa zake wa damu walitoka Kanada, na hakuwa na mtoto aliyekulia mgodini ambaye angeijua kazi. Ugonjwa kwa hiyo ulileta suala ambalo fedha zake hazikulitatua, yaani nani angesimama mahali pake. Alikuwa amejenga kila kitu kwa namna ya kutegemea uamuzi wa mtu mmoja.

Hakuuza mgodi alipougua, wala hakuhama. Mwezi Oktoba 1956 Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, alizuru Tanganyika na kufika Mwadui, na mgodi ulionyeshwa kwake ukiwa katika ubora wake. Novemba 1957 Ernest Oppenheimer alifariki Johannesburg. Wiki sita hivi baadaye, tarehe 7 Januari 1958, Williamson naye alifariki Mwadui.

Mirathi

Hisa zake zilikwenda kwa Percy na dada zao. Hawakuwa wachimbaji, na mgodi waliourithi ulikuwa katika nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Mwaka huohuo wa 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi lililowekwa na serikali ya kikoloni, na chama cha TANU kilikuwa kimepigwa marufuku katika Usukuma tangu 1954. Kwa mtu aliyekaa Kanada na kusoma habari hizo, kuuza kulikuwa uamuzi unaoeleweka.

Tarehe 13 Agosti 1958, miezi saba baada ya kifo, warithi waliuza mgodi kwa pauni milioni 4. Wanunuzi walikuwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Hivyo kampuni ambayo Williamson aliipinga kwa miaka mingi iliingia Mwadui kupitia urithi wa familia yake. Watu wengine wamewalaumu ndugu hao, lakini lawama hiyo haina msingi mkubwa: yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kupanga vinginevyo wakati bado ana sauti, kwa kuwapa wafanyakazi au serikali hisa, au kwa kumwandaa mtu wa kumfuata. Wakazi wa Mwadui na vijiji vya jirani hawakuulizwa na upande wowote.

Baada ya uhuru mgodi ulitaifishwa katika miaka ya 1970 na kuwekwa chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Mitambo ilizeeka na uzalishaji ukashuka. De Beers ilirudi mwaka 1994 ikiwa na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 hisa hizo zilichukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds, serikali ya Tanzania ikibaki na asilimia 25. Kampuni yenyewe iliendelea kuitwa Williamson Diamonds.