Seaman Knapp: Mzee aliyemkabili fukusi wa pamba bila dawa

ALIPOFIKA katika mji mdogo wa Terrell, jimbo la Texas nchini Marekani, mwanzoni mwa mwaka 1903, Seaman Asahel Knapp alikuwa na umri wa miaka 69. Wengi wa rika lake walikwisha kukaa barazani wakisimulia ya kale. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaianza kazi iliyompatia jina.

Alizaliwa Desemba 16, 1833, katika jimbo la New York. Alihitimu Chuo cha Union mwaka 1856, akafundisha, kisha akahamia Iowa. Huko alifuga kondoo, akaongoza chuo cha wasioona, akafuga nguruwe, na hatimaye akawa profesa wa kilimo na mkuu wa chuo cha Ames. Mwaka 1885 alihamia Louisiana kuendeleza kilimo cha mpunga.

Wakati huo balaa lilikuwa likibisha hodi. Kiasi cha mwaka 1892, fukusi wa pamba alivuka kutoka Mexico na kuingia Texas. Mdudu huyo hutoboa kitumba cha ua la pamba na kutaga yai ndani yake. Buu huanguliwa humo na kula humo, na kitumba huanguka kabla ya kufunguka. Dawa za sumu za enzi hizo, zilizonyunyizwa juu ya majani, hazikumfikia. Pale alipopita, wafanyabiashara waliogopa kuwakopesha wakulima, na bila mkopo mkulima wa kule hakuweza hata kupanda.

Wataalamu wa wadudu walikwisha kubaini njia ya kumpunguza: kupanda mapema mbegu inayokomaa haraka, kupalilia mara kwa mara, kuokota vitumba vilivyoanguka na, zaidi ya yote, kung'oa mashina na kuyachoma mara baada ya mavuno ili fukusi akose chakula kabla ya majira ya baridi. Mkulima wa pamba wa Shinyanga, ambaye adui zake ni wengine, analijua vyema agizo hilo la kuchoma masalia.

Tatizo lilikuwa kumshawishi mkulima. Vijitabu vya serikali havikusomwa, na shamba la mfano linaloendeshwa kwa fedha za umma halikumshangaza mtu. Knapp alitaka mkulima wa kawaida alime shamba lake mwenyewe, majirani wakitazama. Walter Porter wa Terrell alikubali kutenga ekari 70, na wakazi wa mji wakachanga fedha za kumfidia iwapo angepata hasara. Mfuko huo haukuguswa. Porter alikadiria kwamba alipata dola 700 zaidi ya ambazo angepata kwa kilimo chake cha zamani.

Bunge la Marekani, likiwa limeingiwa na hofu, lilitenga dola 250,000 kupambana na fukusi, na mwaka 1904 Knapp akafungua ofisi Houston. Novemba 1906 aliteuliwa wakala wa kwanza wa kuhudumia wilaya moja, Smith, hukohuko Texas. Kazi ambayo sisi tungeiita ya bwana shamba. Mwezi huohuo Thomas Campbell wa Tuskegee, Alabama, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuajiriwa katika kazi hiyo.

Haki itendeke hapa. Njia ya Knapp ilimfaa zaidi mwenye ardhi. Mpangaji aliyelima kwa kugawana mavuno, mweusi au mweupe, mara nyingi hakuwa na sauti juu ya nini kipandwe wala lini, na deni lake lilidai pamba tu.

Knapp alifariki Washington Aprili 1, 1911, akazikwa Ames. Miaka mitatu baadaye, Mei 1914, sheria ya Smith-Lever iliufanya mpango wake kuwa huduma ya taifa zima. Fukusi naye aliendelea na safari, na kufikia mwaka 1922 alikuwa ameenea karibu ukanda wote wa pamba hadi pwani ya Atlantiki. Kampeni ya kumtokomeza kabisa ilianza mwaka 1978.