Mchungaji Alexander Merensky (1837–1918)

Mito ya Ruhuji na Mnyera, inayolijaza bonde letu la Kilombero, hutoka nyanda za Ubena. Misioni ya Berlin ilifika huko ikitokea Ukonde, na aliyeifungulia njia ni Mchungaji Merensky.

Alianzia Afrika Kusini. Wakristo wa Kipedi walipoteswa na mfalme Sekhukhune, aliwajengea Botshabelo mwaka 1865, yaani mahali pa kukimbilia. Mwaka 1891, akiwa mtu mzima wa miaka 54, aliongoza msafara hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Aliwakuta Wanyakyusa ndani ya migomba yao: nyumba safi za mianzi, ng'ombe waliotunzwa vema, na vijiji ambavyo vijana wa rika moja walijijengea mbali na baba zao. Hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1894.

Hata hivyo tusifiche. Mwaka 1886 mtumishi huyohuyo alichapisha insha ya namna ya kumzoeza Mwafrika kazi za mashamba makubwa ya wageni. Nayo nchi ile ilikuwa imetiwa chini ya Wajerumani pasipo wenyeji kuulizwa.

Kituo cha Wangemannshöhe kilianzishwa mwezi Oktoba 1891. Mwaka uliofuata Merensky alirejea Ujerumani, wenzake wakabaki.