John Herschel na Anga ya Kusini

Elburgon iko karibu na Ikweta. Usiku wa Desemba, mawingu ya Mau yanapotawanyika, mtu huziona nyota za kaskazini na za kusini akiwa amesimama papo hapo uani. Sir John Herschel hakujaliwa fursa hiyo kwao. Ilimbidi aifuate ng'ambo ya bahari.

Alizaliwa Slough, Uingereza, tarehe 7 Machi 1792, mwana wa pekee wa William Herschel aliyegundua sayari ya Uranus. Babaye, akisaidiwa na dada yake Caroline, aliorodhesha takribani madoa 2,500 ya nuru yaliyofanana na vijiwingu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya anga ya kusini haionekani kamwe kutoka Uingereza. John, aliyeibuka wa kwanza katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1813, aliazimia kuikamilisha kazi hiyo.

Mnamo Novemba 1833 aliabiri kwenda Rasi ya Tumaini Jema kwa gharama yake mwenyewe, pamoja na mkewe Margaret, watoto wao watatu na darubini ya futi 20. Kwa miaka minne aliipekua anga kutoka Feldhausen, karibu na Cape Town. Mwaka 1835, katika kundinyota la Tanuri, aliona doa angavu la mviringo, akaliandika mahali pake na sura yake, kisha akaendelea na kazi.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1847, na mwaka 1864 akatoa orodha ya vitu zaidi ya 5,000. Alifariki tarehe 11 Mei 1871, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Mwaka 1888 Dreyer aliipanua orodha yake, na lile doa likapewa jina NGC 1399. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alithibitisha kwamba mengi ya madoa hayo ni galaksi zilizo nje ya yetu. NGC 1399 ni galaksi kubwa ya duaradufu, umbali wa miaka-nuru milioni 60 hivi.

Herschel alikufa bila kujua alichokiona. Thamani ya kazi yake i katika uaminifu wa kumbukumbu: hakusubiri kuelewa ndipo aandike. Sisi tukusanyao msamiati wa wazee kuhusu Kilimia na Zuhura tuna la kujifunza hapo, kwani neno lisiloandikwa leo halitamngoja mfasiri wa kesho.