Padri Stefano Kaoze, Mzaliwa wa Marungu, Padri wa Kwanza wa Kongo



Katika mwaka huu wa jubile, tunapohesabu ubatizo, ndoa na miito iliyotoka katika familia zetu, tumeombwa tuandike maneno machache juu ya mtu ambaye hakuwa paroko wetu hata siku moja. Mji wake haukuwa Lubumbashi. Yeye alikuwa mtu wa ziwa na wa milima. Lakini kila kijana wa Katanga anayefunga sanduku lake kwenda seminari anapita katika njia ambayo mtu huyu aliipita kwanza, tena peke yake. Jina lake ni Stefano Kaoze, ambaye wazee walizoea kumwita Abé Kaoze.

Alizaliwa katika miaka ya 1880 katika milima ya Marungu, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, kati ya Watabwa. Tangu mwaka 2015 milima hii iko katika mkoa wa Tanganyika, nasi tumebaki katika Haut-Katanga. Lakini kwa wazee wetu yote ilikuwa Katanga moja.

Mtoto aliyezaliwa Marungu katika miaka ile alizaliwa katikati ya hofu. Biashara ya watumwa ilikuwa imekula vijiji. Misafara ilivuka ziwa kwenda Ujiji na pwani, na masultani wengine wa palepale waliwauza jirani zao. Mwaka 1883 ofisa Mbelgiji, Emile Storms, alijenga boma pale Mpala, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Mnamo Desemba 1884 watu wake walimwua sultani Lusinga, ambaye naye alikuwa mkamataji mkali wa watumwa, na kichwa chake kikapelekwa hata Ubelgiji. Mwaka 1885 Storms aliondoka, na boma lake likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie. Kisha, mwaka 1887, alifika Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma, akawalinda watu waliokimbilia misioni. Hakurudi kwao tena; alioa mwanamke wa huku, akafa katika nchi ile mwaka 1927. Basi, Kanisa la upande ule lilianza ndani ya kuta za boma. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo siku ya jubile. Mtu akikimbia simba, hachagui mlango.

Katika boma hilo ndimo ilimozaliwa shule, na ndani ya shule ikazaliwa seminari. Mwishoni mwa karne ya 19 Mapadri walichagua vijana wachache wenye akili na moyo mwema, wakaanza kuwafundisha Kilatini pale Mpala. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Padri Auguste Huys, ambaye baadaye alipewa uaskofu ili amsaidie Monsinyori Victor Roelens. Huyu Roelens alijenga misioni ya Baudouinville mwaka 1893, mahali tunapopaita leo Kirungu, karibu na Moba, akawekwa askofu mwaka 1896. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kupenda utaratibu kupita kiasi, wasema waliosoma habari zake. Lakini aliamini jambo moja ambalo wazungu wengi wa wakati ule walilicheka: ya kuwa Kanisa la Kongo halitasimama mpaka lipate mapadri waliozaliwa Kongo. Lavigerie aliwaachia wanawe wazo hilo, naye Roelens alilishika.

Kaoze alikuwa mmoja wa wale vijana. Masomo yalianza kwa Kiswahili, lugha ya misioni zote za ziwa, kisha kikaja Kilatini, kisha Kifaransa, halafu falsafa, halafu teolojia. Njia hiyo ilikula zaidi ya miaka 15. Sisi tuliopita katika seminari ndogo miaka mingi baadaye, tena tukapita kwa muda mfupi tu, tunajua kidogo uzito wake: kengele kabla ya jua, kunyamaza, jina la kosa linaloandikwa katika daftari, barua ya nyumbani inayofika na habari ya msiba wakati mtihani uko kesho. Lakini sisi tulikuta njia imekwisha kufyekwa. Tulipochoka tuliwaona mbele yetu mapadri weusi wakisoma Misa, tukajua kwamba jambo linawezekana. Kaoze hakuwa na mtu wa kumtazama. Katika vikariati yake yote hapakuwa na padri hata mmoja mwenye ngozi kama yake.

Na wenzake walipungua. Wengi walioanza pamoja naye hawakufika mwisho. Mmoja aliitwa na jamaa yake, mwingine alitaka mke, mwingine hakuweza masomo. Ndivyo inavyokuwa katika kila seminari tangu zamani. Wala tusiwadharau watu hawa. Ni vijana wa namna hii, waliotoka seminari na vitabu vichwani, waliokuwa walimu wa shule za vijijini, makalaka wa leta na makatekista. Misioni zilisimama juu ya mabega yao. Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao, na hana haya kusema hivyo.

Ng'ambo ya ziwa, pale Karema, karibu kutazamana na Mpala, aliishi mtu mwingine anayestahili kutajwa hapa: Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na mganga mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hakuwa padri. Alioa, akazaa. Twamtaja ili mtu asifikiri kwamba tunapomsifu Kaoze tunawahukumu wale waliotumikia bila daraja takatifu.

Lakini turudi kwa Kaoze, kwani tumekwisha kupotea njiani. Kwa Watabwa ukoo hufuata upande wa mama, na mtu hurithiwa na watoto wa dada yake. Hivyo useja wa Kaoze haukukata ukoo wake. Hata hivi, katika kijiji cha wakati ule mwanaume mzima asiye na mke alikuwa kitendawili. Watu walimwona kama mtoto asiyekua, au kama mtu aliyefungwa na uchawi. Kijana aliyekubali jambo hilo miaka ile alikubali kutoeleweka na watu wa nyumbani kwake, na wakati huohuo alijua kwamba wazungu wengi nao hawataki kumwona mezani pao. Alisimama kati ya milango miwili, na hakuna uliofunguka wote.

Kabla hajawa padri alifanya jambo ambalo wasomi wa dunia wanalikumbuka hata leo. Alipokuwa bado seminarista, aliandika kwa Kifaransa maelezo marefu juu ya namna watu wake wanavyofikiri, wanavyopenda, wanavyoamua na kutenda. Mjesuiti Arthur Vermeersch, mwalimu mashuhuri wa Ubelgiji, alisaidia maandiko hayo yajulikane, nayo yakachapwa katika gazeti la La Revue Congolaise huko Brussels mwaka 1910 na 1911, kwa jina La psychologie des Bantus. Wataalamu wanayahesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapwa kwa Kifaransa. Msomaji afikiri kidogo: mwaka uleule 1910 mji wetu wa Elisabethville ulikuwa unapimwa kwa kamba katikati ya pori, na mapadri Wabenedikto wa kwanza walikuwa wanatafuta mahali pa kulala.

Hatutasema kwamba kila neno la kijana yule linatufurahisha. Kuna mahali anapowatazama wazee wake kwa macho ya shule aliyolelewa, na anawahukumu kwa ukali. Mtu aliyefundishwa na wageni tangu utoto wake angefanyaje? Lakini uzito wa kazi ile uko mahali pengine. Wakati huo kulikuwa na watu waliouliza kwa sauti kubwa kama mtu mweusi anaweza kufikiri. Kaoze hakuwajibu kwa matusi, wala kwa machozi. Aliketi, akachukua kalamu, akaeleza mawazo ya watu wake hatua kwa hatua, katika lugha ya wale waliouliza. Miaka 35 baadaye, mwaka 1945, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alichapisha hapahapa Elisabethville kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, na dunia yote ikashangaa. Tunamheshimu sana Padri Tempels, na jamaa nyingi za mji huu zinamkumbuka kama baba. Lakini wanafunzi wetu wanaotaja jina la Tempels kila siku wanapaswa kujua kwamba mtoto wa Marungu alikwisha kulilima shamba hilo kabla yake.

Siku ikafika. Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, Monsinyori Roelens alimwekea Stefano Kaoze mikono, akawa padri. Ilikuwa sikukuu ya taifa la Ubelgiji, lakini Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekaliwa na Wajerumani, maana vita ya kwanza ya dunia ilikuwa haijaisha. Vita hiyo ilikuwa imefika hata ziwani: meli za pande zote mbili zilipigana juu ya maji ya Tanganyika, na wapagazi kwa maelfu walibeba mizigo ya askari kuelekea Tabora, wengi wao wasirudi. Katika mwaka huo wa njaa na misiba, watu waliona mtoto wao akipanda altareni. Uganda ilikwisha kupata mapadri wake wawili wa kwanza mwaka 1913. Rwanda ilipata wake miezi michache baada ya Kaoze, katika Oktoba 1917. Tukisema yeye ni wa kwanza katika Kongo, tunasema juu ya uinjilishaji wa nyakati hizi. Katika ufalme wa zamani wa Kongo walikuwako mapadri weusi, na mwana wa mfalme, Henrique, alifanywa askofu mwaka 1518. Lakini mbegu ile ilisongwa na biashara ya watumwa, na kati ya Henrique na Kaoze zilipita karne nne.

Mwaka 1920 Monsinyori Roelens alisafiri pamoja naye kwenda Ulaya. Ndio mwaka ambao Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri, na mwaka mmoja tu baada ya barua yake Maximum illud, iliyoagiza misioni zote zitayarishe mapadri wenyeji. Watu wa Ubelgiji walimtazama padri mweusi kama kitu cha maonyesho. Yeye alirudi nyumbani, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia, na pengine hiyo ndiyo sifa yake. Kwa zaidi ya miaka 30 alifanya yale ambayo kila padri wa vijijini hufanya: alitembea kwa miguu, aliungamisha, alizika wafu, alipatanisha mume na mke, alihesabu tofali. Baadaye alikabidhiwa kuongoza misioni ambamo mapadri wote walikuwa Waafrika. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule wengi walingoja kuona ianguke. Wala hakuiacha kalamu. Alikusanya habari za asili za koo za nchi yake, ambazo wazee walizishika vichwani tu, akaandika historia ya Bena Kilunga. Na baada ya vita ya pili ya dunia aliitwa kuwa mmoja wa Wakongo wa kwanza kuketi katika Baraza la Serikali ya koloni, pale Léopoldville.

Tunawaomba vijana wajaribu kuona picha hiyo. Katika miaka ileile, hapa Elisabethville, mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana katika mitaa ya wazungu usiku bila karatasi. Katika Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walioomba mshahara wa haki walipigwa risasi hapa mjini. Na mzee mmoja mwenye kanzu, mtoto wa boma la Mpala, aliketi katika chumba walimotungiwa sheria watu wake. Hakuwa na nguvu ya kuzigeuza sheria hizo. Wapo wanaomlaumu leo kwamba hakupiga kelele. Sisi hatutaki kumhukumu, lakini hatutaki vilevile kumfanya shujaa wa siasa. Hilo halikuwa daraja lake.

Alifariki mwaka 1951 pale Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie. Monsinyori Roelens alikuwa amemtangulia mwaka 1947. Kaoze hakumwona askofu mweusi katika Kongo: Monsinyori Pierre Kimbondo alipewa uaskofu mwaka 1956, na sisi wa Lubumbashi tulimpata Monsinyori Eugène Kabanga kuwa askofu mkuu mwaka 1967.

Katika kurasa zinazofuata msomaji ataona majina ya vijana wote wa parokia yetu waliotumwa seminari tangu mwanzo. Kamati ya jubile ilitaka kwanza yaandikwe yale ya waliofika altareni peke yao. Sisi makatekista tuliomba waandikwe wote pamoja, waliofika na waliorudi, kwa kufuata mwaka ambao kila mmoja aliondoka nyumbani. Padri paroko alikubali.